Isale Lililorudishwa

Mdogo wangu alikata masale ya kaburini Jumamosi asubuhi, mama akiwa jikoni anamenya ndizi za mtori. Alitumia panga letu wenyewe, lile la kukatia majani ya ng'ombe. Nilisikia kabla sijaona. Isale likikatwa halilii kama mti, linalia kama mgomba, sauti ya kitu chenye maji ndani. Nilipofika nyuma ya nyumba, kaburi la baba na la babu yalikuwa wazi kama kichwa kilichonyolewa.

Kwa wasiotoka huku mlimani niseme kidogo. Isale ni mmea wa majani marefu membamba, tunaupanda mpakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unakata kilele chake, unafunga fundo kwenye jani, unampelekea. Huhitaji maneno mengi. Na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa. Nimeona wanaume waliotishana kwa mapanga kwa sababu ya zamu ya mfereji wakinywa pombe ya mbege kibuyu kimoja, eti isale limeingia nyumbani, basi yameisha. Tangu nizaliwe mpaka mwaka ule sikuwahi kusikia isale limerudishwa lilikotoka.

Mdogo wangu ni kitinda mimba. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya mama na kihamba chake, migomba na kahawa na makaburi yaliyomo, na ndiye anayetupa udongo wa kwanza wazazi wakizikwa. Lakini yeye hakubaki. Kahawa ilipoanza kununuliwa na kila mwenye mizani, bei ikaanguka mpaka watu wakang'oa mibuni wapande nyanya. Akashuka mjini, akafungua duka la vipuri vya baiskeli pale Pasua, Moshi. Duka halikwenda. Kila mtu wakati ule alikuwa amefungua duka, na wanunuzi walikuwa ni sisi kwa sisi. Ndipo akampata mchungaji.

Nawataja waliohusika, na huyo mchungaji namtaja wa kwanza. Alikuwa na ukumbi uliokuwa ghala la unga zamani za ushirika, na spika mbili zilizoelekea barabarani. Alimwambia mdogo wangu kwamba biashara yake imefungwa na makaburi ya kwao. Kwamba yale masale ni madhabahu, na babu amekaa pale anakula riziki yake. Mtu ambaye hajawahi kupanda mlima wetu akamwambia mtoto wetu kilichokuwa nyuma ya nyumba yetu.

Mama alitoka jikoni na kisu, vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi.

"Baba, unafanya nini hapo?"

"Nasafisha, mama. Nakufungua."

"Nani kakuambia nimefungwa?"

"Mama, hizi ni madhabahu za mashetani."

"Baba yako alikufa na rozari mkononi. Shetani gani alikuwa anashika rozari?"

"Mama, wewe huelewi. Rozari nayo ni hayo hayo."

Akaendelea kukata. Lilibaki shina moja upande wa kichwa cha baba, nene, alilolipanda mama mwenyewe siku ya mazishi. Mama akasema, "Hilo acha." Yeye akalikata.

Mama akaweka kisu chini. Akainama, akachota udongo wa kaburi la mume wake, akauacha uchuruzike katikati ya vidole. Akasema kwa Kichagga, polepole, wala hakupaza sauti: mkono uliokata hili usishike udongo wa kaburi langu.

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa nimerudi nyumbani miaka ile, baada ya mume wangu kufa kwa ule ugonjwa na mashemeji kunitoa na masanduku yangu. Hao nao nawajua kwa sura, mmoja mmoja. Nilikuwa nimeshaona mambo mengi, lakini si hili. Maneno ya mama mzazi aliyeshika udongo si maneno ya hasira ya jikoni. Nikasema, "Mama, lirudishe neno hilo." Akasema, "Limeshatoka."

Mdogo wangu alicheka. Akafuta panga kwenye nyasi, akalirudisha mahali pake pa kuchomekwa ukutani, kama mtu aliyemaliza kazi ya shamba, akateremka mjini. Hakurudi tena mama akiwa mzima.

Mama hakuwa mpagani, hilo lijulikane. Alikuwa Mkatoliki tangu utoto. Alifagia kanisa la parokia yetu akiwa msichana, wakati wa padri mzee Mzungu aliyezungumza Kichagga kama sisi. Mapadri waliomtangulia yule walikuwa wakali. Walichoma shanga za bibi yangu na kumpa mama jina la ubatizo ambalo hakuweza kulitamka vizuri mpaka anakufa. Lakini yule mzee alikuwa mtu wa kuuliza. Siku moja alimkuta mama amepanga masale pembeni ya altare, sikukuu ya Pasaka au sijui ipi, akauliza hilo jani linasema nini. Mama akaogopa, akamwambia linasema nisamehe. Yule padri akakaa kwenye benchi, akasema basi hilo limebatizwa kabla sijafika, liache.

Halafu akamsimulia mambo ya kwao. Mama aliturudia hadithi hiyo kila Krismasi tulipokuwa wadogo, naijua kama sala. Alisema zamani huko Ulaya mababu zao waliabudu miti mikubwa msituni. Akaja mhubiri na shoka, akaukata mti mkubwa kuliko yote, watu wakisubiri apigwe na radi. Hakupigwa, wakabatizwa. "Lakini," padri akasema, "msitu haukutoka mioyoni mwao." Walipojenga makanisa yao ya mawe walichonga majani kwenye nguzo, juu kabisa, mpaka ukiangalia dari ni kama uko chini ya matawi. Wajukuu wa wajukuu wao wakachukua mti mwingine, mdogo, wa kijani hata wakati wa theluji, wakauingiza sebuleni na kuuwekea mishumaa. Hata mwezi wa Krismasi wenyewe, huko kwao zamani watu walikuwa wakishangilia jua linaporudi. Padri alimwambia mama, nyie mkisema Ruwa mnamaanisha Mungu na jua pia, kwa hiyo msituone sisi tofauti sana. Imani ilipofika kwetu Ulaya, alisema, ilivaa nguo za kwetu. Ilipokuja kwenu tukaileta bado imevaa nguo zile, na nyie mkadhani ngozi yake ndiyo hiyo.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Sijui kama kila alichosema padri ni sawasawa. Lakini mama alikielewa hivyo, na aliishi hivyo: rozari shingoni, isale kaburini. Hakuona wapi vinagombana.

Mwaka uliofuata akaanza kuvimba miguu. Tulikwenda hospitali, wakasema ni moyo, wakatupa vidonge, tukaambiwa apumzike. Mwezi wa kumi na mbili ulipoingia alikuwa halali chali, analala amekaa, ameegemea magunia. Jirani mmoja aliyekuja kumwona aliniambia jikoni kwa sauti ya chini, "Mama yenu hafiki Pasaka." Nilijua. Naye alijua. Kilichomsumbua hakikuwa kufa. Alikuwa anaona siku ya mazishi yake, mwanawe wa mwisho amesimama pembeni ya kaburi na mikono mitupu mbele ya ukoo mzima.

"Nilimfunga mtoto wangu," akaniambia. "Nikifa na lile neno, nitakuwa nimemwachia. Nani atalifungua?"

"Yeye ndiye aliyekosa, mama. Aje yeye."

"Aliyekosa hajui amekosa. Mimi najua nilichosema."

Kwetu neno kama lile hulifungua aliyelisema. Anapeleka isale, yule mwingine analipokea kwa mkono, basi. Lakini mzazi kumpelekea mtoto isale ni kupiga magoti, mambo yamegeuka juu chini. Mama aliamua kupiga magoti. Kwetu hapakuwa na isale tena, mdogo wangu alikuwa amelimaliza, nikaenda kuomba mpakani kwa jirani. Mama alifunga fundo mwenyewe, ilimchukua muda mrefu. Nikalifunga kwenye kanga, nikashuka Moshi wiki ile ya Krismasi, magari yote yanapanda na mbuzi na wageni kutoka Dar, mimi nateremka.

Niliwakuta sebuleni. Mdogo wangu, mke wake, na mchungaji mwenyewe, amekaa kwenye kiti kikubwa na soda mbele yake. Pembeni ya televisheni palikuwa na mti wa Krismasi wa plastiki, wa dukani, wenye taa ndogo zinazowaka na kuzima, nyekundu, kijani, nyekundu.

"Karibu wifi," mke wake akasema. "Za mlimani? Mbege imeshaiva?"

"Mbege ipo. Mgonjwa ndiye hawezi kuinywa."

Mdogo wangu akanyanyuka. "Shikamoo dada. Mama hajambo?"

"Marahaba. Mama hali yake si nzuri. Amenituma kwako."

Nikafungua kanga. Nikamwona anavyoliangalia. Ni mtoto wa mlimani yule, alilijua fundo la mama, fundo lake alikuwa analizungusha mara mbili. Uso wake ukabadilika ukawa ule wa utoto, alipokuwa akirudi kutoka shule amelowa mvua.

"Mama anasema nini?" akauliza, ingawa alijua.

"Anasema limekwisha. Anakuomba ulipokee, aondoke mwepesi."

Akanyoosha mkono. Naapa alinyoosha mkono, ulifika katikati yetu.

"Mtumishi," mchungaji akasema.

Neno hilo moja tu. Mkono ukarudi.

Akaanza kuzungumza haraka haraka, maneno ya watu wengine. "Dada, unaelewa, mimi niko chini ya damu ya Yesu. Neno la mama halinipati. Sasa nikipokea hili jani nitakuwa nimekiri kwamba lilinipata. Nitakuwa nimefungua mlango."

"Basi usilipokee kwa ajili yako. Lipokee kwa ajili yake. Ni mgonjwa anaomba."

"Mwambie nimemsamehe. Mimi nimeshamsamehe siku nyingi. Nitamwombea hapa hapa tukiwa wote."

"Njoo umwambie wewe."

"Nitakuja. Krismasi hii tuna mkesha, baada ya mkesha."

"Lipokee, baba. Ni jani tu, si unasema ni jani tu?"

Mchungaji akacheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anayemcheka mtoto. "Mama, shetani hupenda vitu vinavyoitwa jani tu."

Hapo nikaonyesha mti wao. "Na ule je?"

"Ule ni urembo, wifi," mke wa mdogo wangu akasema. "Kila nyumba inao."

Nikawasimulia ya padri mzee, mhubiri na shoka, msitu, mishumaa. Nilisimulia vibaya, nikaruka mahali na kurudia. Mdogo wangu alikuwa anatazama chini; hadithi hiyo aliikuta mapajani mwa mama kama mimi. Mchungaji akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hayo ni mambo ya Kikatoliki," akachukua soda yake. Taa zikawaka, zikazima.

Mdogo wangu alinisindikiza mpaka stendi. Nilipopanda gari akanipa mfuko wa sukari na mikate, akasema, "Mpe mama." Isale lilikuwa bado liko kwenye kanga yangu.

Kuna mahali, ukitoka barabarani kuingia kwetu, unaonekana kutoka mlangoni. Mama alikuwa amesogezewa kiti pale mlangoni, ameegemea mito, ananingoja. Niliona kwa mbali anachungulia mikono yangu. Ningeweza kulitupa mferejini kabla sijafika hapo. Nani hutupa isale la mama yake? Nikalibeba hivyo hivyo.

"Hakulipokea," akasema. Hakuuliza.

"Alinyoosha mkono, mama. Alitaka."

Akalichukua, akaligeuza. Fundo lilikuwa vile vile. Akaliweka mapajani, kisha akaniuliza. "Sasa hao wenyewe, wakitaka kusamehewa, wanapeleka nini?"

Halafu akasema, "Kalichomeke nyuma ya jiko, palipo na unyevu. Lisikauke bure."

Kesho yake akanituma parokiani. Padri wa wakati huo ndiye wa pili ninayemtaja. Kijana wa kwetu huku huku, amesomeshwa mpaka Roma, ana digrii. Nilimwomba ashuke nami Pasua azungumze na mdogo wangu, au hata apande kwa mama amfungue kwa namna ya kanisa. Alikuwa anapokea wageni wa sikukuu. Aliniambia barazani, tumesimama, "Mwambie mama kanisa halifundishi habari za laana. Asali rozari kwa utulivu. Na wale walokole sisi hatuingilii mambo yao." Nikamwambia, padri, mama hataki mafundisho, anataka mtoto wake ashike udongo. Akaangalia saa. Akasema atampelekea sakramenti ya wagonjwa baada ya sikukuu.

Kwa hiyo wa ghalani alisema laana ipo ila mdogo wangu haimpati, na wa Roma alisema haipo kabisa. Katikati yao mama yangu amekaa kwenye magunia anahema. Wazee wa ukoo nao, wa tatu hao, niliwafuata walipokuwa wanagawana nyama ya mbuzi juu ya ngozi yake. Wakaniambia subiri sikukuu iishe, mambo mazito hayazungumzwi watu wakila.

Sikukuu haikuisha kwake. Alikufa tarehe ambayo wageni wa Dar walikuwa bado hawajaondoka, kwa hiyo mazishi yalijaa. Watu walisema amezikwa na watu wengi. Alizikwa na watu wenye tiketi za kurudi mkononi.

Mdogo wangu alikuja na suti nyeusi, na mchungaji wake nyuma. Padri wa parokia aliendesha ibada, ubani, maji ya baraka, kila kitu. Kisha akasema watoto wa marehemu wasogee. Watu wote wa kitongoji chetu walijua lile neno. Habari kama hiyo haihitaji spika.

Mzee mmoja wa ukoo, ndugu ya baba, akamwambia kwa chini, "Acha, mbe. Mwachie mwingine."

"Hakuna kitu," mdogo wangu akasema kwa sauti, watu wote wakasikia. Akachukua koleo. Akalichoma kwenye udongo, udongo wetu mwekundu, umelowa mvua ya usiku. Likaingia vizuri.

Akasimama hivyo. Alikuwa ameshika mpini kwa mikono yote miwili, na koleo likabaki ndani ya udongo. Nilimwona anavuta pumzi, anakaza mabega. Mchungaji akasogea, akamwekea mkono mgongoni, "Kwa jina la Yesu, tupa. Tupa!" Padri akaangalia kitabu chake. Mdogo wangu akafungua mdomo kama anataka kujibu mtu aliyeko chini ya kaburi. Akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, na mikono ikaachia mpini mmoja baada ya mwingine.

Ile laana aliyosema haimpati, aliiamini kuliko sisi wote. Angekuwa haiamini, angetupa tu udongo. Na angeiamini waziwazi, angelipokea isale. Hao walimfundisha kusimama mahali ambapo hawezi kufanya hata moja.

Nilitupa mimi. Mwanamke, niliyeolewa nikarudi, udongo wa kwanza, kwa mkono. Wazee walinung'unika lakini hakuna aliyesogea kunizuia.

Imepita miaka mingi. Lile isale la nyuma ya jiko lilishika. Likatoa mizizi, na masika yalipofika nikalihamishia kaburini kwa mama, upande wa kichwa. Limekuwa refu kunipita. Siku hizi mambo yamegeuka, kanisani wanapamba masale mpaka mlangoni, kwaya wanayashika wakicheza, na padri yule yule, sasa ana mvi, anahubiri utamadunisho. Nilimsikia Jumapili moja akieleza kwamba isale ni ishara nzuri ya Kikristo ya msamaha. Alieleza vizuri sana. Nilitoka nje kabla ya sadaka.

Mchungaji alihama, ghala sasa linauza vigae. Mke wa mdogo wangu ndiye anayeendesha duka.

Mdogo wangu hupanda kila Krismasi. Anafika na sukari na mikate, mfuko ule ule. Ananiamkia, anakunywa chai, anauliza habari za ng'ombe. Kisha anakwenda nyuma ya nyumba, anasimama mbali kidogo na kaburi la mama, mikono mifukoni. Mwaka jana nilimfuata.

"Dada," akasema, "nikitaka kumpelekea, nilikate wapi?"

Kihamba kizima hakina isale jingine zaidi ya lile, na linaota kwenye udongo aliokatazwa. Nilitaka kusema nitakukatia mimi. Lakini kumkatia mtu isale lake la kuomba msamaha ni kitu ambacho hakijawahi kufanyika, na aliyepaswa kulipokea yuko chini yake.

Tulisimama mpaka jua likashuka, kisha akaniaga, akateremka.

Jirani yule wa mpakani ameshakufa, lakini masale yake yapo. Juzi nimekwenda kwa watoto wake, nikaomba kilele kimoja. Nimekichomeka nje ya kihamba chetu, karibu na njia anayopitia akija, kwenye udongo ambao hakukatazwa. Kama kitashika, sijui. Mvua mwaka huu zimechelewa, namwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo.